BMI sawa, mafuta tofauti

Dada, umeuliza inakuwaje wewe mwenye asili ya Afrika na mumeo mwenye asili ya India mna BMI 24 nyote wawili, ila daktari kamwonya yeye tu kuhusu kisukari. Daktari hajakosea. BMI inalinganisha kilo na urefu basi. Mzani haujui kipi ni msuli, kipi ni mafuta. Mwaka 2004 madaktari wawili, Mhindi na Mwingereza, walichapisha picha na vipimo vyao. Kila mmoja alikuwa na BMI 22.3, lakini mafuta ya Mhindi yalikuwa asilimia 21.2 ya mwili, ya mwenzake 9.1! Ndiyo maana kwa watu wa asili ya Asia tahadhari huanzia 23, si 25.

Wewe nawe usibweteke. Wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na misuli zaidi kwa BMI ileile, lakini kisukari huwapata vilevile, na Uingereza imewawekea hiyohiyo 23. Chukueni futikamba, mpime kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kisifike nusu ya urefu. Na mumeo akapime sukari wiki hii, tafadhali, asingoje kitambi.