Gede Ina Wenyewe: Andika Ulichohisi Kabla Hujauliza

Wengi huingia magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu, pwani ya Kenya, kupiga picha. Ushauri huu ni wa wale wanaokwenda kusikiliza. Mimi naamini mji ule una wenyewe wasioonekana mpaka leo, na ndiyo maana inaniuma kuona habari zao zikiandikwa ovyo ili kutisha watu.

James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kufukua Gede mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni mwa kazi alihisi kuna kitu au mtu akimtazama nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki, bali akingoja. Alikuwa mtu wa vipimo na vigae, lakini hakulificha. Tena hakulitaja kwa jina. Hapo ndipo pa kujifunza.

Nenda asubuhi, wageni wangali wachache. Simama kwenye kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, utoe salamu kama tunavyowasalimu watu wa makaburini. Kisha tafuta mahali pamoja, ukae kimya. Mwili ukisisimka, andika papo hapo: saa ngapi, ukuta upi, upepo upo au haupo, baridi imeanzia shingoni au miguuni, harufu gani. Usiandike “jini”. Hujui bado.

Halafu chunguza. Kima wamejaa mitini, na sange hupekua majani makavu kwa kishindo kinachozidi umbo lake. Visima vile virefu vina ubaridi wake, na kuta za matumbawe hushika unyevu. Toa yote yanayoelezeka, uone kinachobaki. Mimi hukaa na hicho kilichobaki kwa muda mrefu, na imani yangu haijawahi kupungua kwa kumtambua kima.

Anayekutembeza muulize mwishoni. Akikwambia mapema kwamba hapa watu husikia nyayo, masikio yako yatazitafuta. Wazee wa Kigiriama wa vijiji vya jirani nao waendee kwa adabu, ukae, uzungumze. Simu usiitoe mpaka uombe ruhusa. Wapo watakaokwambia mji unalindwa na wazee wake wa kale. Yaandike maneno yao kama yao, mbali na uliyohisi wewe.

Ukirekodi sauti, taja saa na mahali kwanza, kisha iache simu chini usiiguse. Zile programu zinazodai kupima mizimu, zifute.

Kwingine utakuta ibada hai. Ndani ya mapango ya Amboni, Tanga, watu huenda kutambika. Ukiona ubani, kitambaa au sarafu, usiguse wala usipige picha. Ni dua ya mtu. Kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda karibu na Lamu, watu wa Shela huenda kuomba mvua penye kaburi la mnara. Ukiwakuta, kamera irudi mkobani, na kama wamekukaribisha, kaa nao uitikie amina.