Vigari vya Hot Wheels madukani, zamani na sasa
Ndugu, umeuliza kama vigari vya kuchezea vya Hot Wheels vilipatikana Dar es Salaam tulipokuwa watoto. Vilikuwepo kwa nadra, japo Marekani vimeuzwa tangu 1968. Duka la jirani yetu Kariakoo lilitundika viwili juu ya kaunta, karibu na madaftari, navyo tulivikodolea macho hadi Idi, huku tukijiundia vyetu kwa waya na vizibo vya soda. Leo naviona katika maduka makubwa, ila matoleo adimu ya Treasure Hunt, ambayo Mattel, kampuni inayotengeneza vigari hivi, ilianza kuyatoa mwaka 1995, mimi huyakuta kwa walanguzi wa mtandaoni tu, tena kwa bei ya kukatisha tamaa.