Kijana aliye kwenye puli saa nne asubuhi

Picha yenyewe mnaijua: vijana wamezunguka meza ya puli saa nne asubuhi, na juu yake kichwa cha habari kinasema vijana wa sasa wanapenda pesa, kazi hawaitaki. Mimi hununua na kukausha dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hapa Kigoma, na hapa ungeipiga picha hiyo siku nyingi tu. Ila wengi wa vijana hao wametoka ziwani alfajiri, wamekesha na taa na nyavu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani, hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki, vyombo vya uvuvi hupumzika. Mwandishi akija mchana, tena wakati wa mwezi mpevu, ataondoka na habari ya mji mzima wa wavivu.

Hili linaniuma kwa sababu linaharibu kazi za watu. Tajiri aliyesikia redioni kwamba vijana hawadumu kazini humchukua kijana kwa mashaka: hakuna maandishi, malipo yanasogezwa mbele, eti ampime kwanza. Kijana akiondoka, tajiri anasema redio ilisema kweli. Kwenye vyombo watu hulipwa kwa mgao. Mafuta na gharama nyingine hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho hugawanywa, na usiku wa kukosa unarudi na kitoweo tu. Anayehama chombo katika hali hiyo amepiga hesabu zake. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, niliona vijana wa mwaloni wakiendesha bodaboda na kubeba mizigo sokoni. Sikusikia kipindi chochote kikiwataja kama wachapakazi.

Na lawama hii si ya leo. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvukazi, watu wa mijini wasio na kazi inayotambulika, vijana wengi wakiwamo, walikamatwa kama wazururaji na kupelekwa vijijini wakalime. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 60, na ndiye magazeti yanamsifu kuwa wa kizazi kilichojua kazi.

Siku hizi yameongezeka majina ya kuazima: milenia kwa waliozaliwa 1981 hadi 1996, Jenzii kuanzia 1997. Mipaka hiyo iliwekwa na watafiti wa Marekani kwa kutazama maisha ya Wamarekani. Kwetu wa 1996 na wa 1997 wamekaa dawati moja. Kilichowatenga watu hapa ni mambo kama ada ya shule ya msingi kufutwa 2001, au ajira za serikali kusimamishwa 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi hewa. Aliyemaliza chuo mwaka ule alikuta mlango umefungwa, hata angekuwa na bidii ya namna gani.

Wazee nao wanaonewa. Huambiwa simu imewashinda. Mama mmoja mtu mzima ninayefanya naye kazi hupokea oda za Dar es Salaam kwa ujumbe wa sauti, na hapakii gunia kabla hajaona pesa imeingia.

Kwa hiyo ukisoma habari ya namna hii, tazama nani amehojiwa. Mara nyingi ni mwajiri na mtaalamu, kijana yuko kwenye picha tu. Tazama pia kama mshahara umetajwa. Ndugu mwandishi, andika kazi waliyoikataa inalipa shilingi ngapi na kwa saa ngapi, msomaji ataamua mwenyewe.

Mwenye kazi, sema malipo siku ya kwanza, yaandike, na uyatoe siku uliyoahidi. Kwangu hilo ndilo limewabakiza watu, wa rika zote. Kwenye vichanja vya kukaushia dagaa nawachanganya: bibi anajua mvua inakuja kabla sisi hatujaona wingu, kijana anajua bei ya leo ya Dar.

Nawe mdogo wangu, ukiulizwa kwenye usaili kama ninyi vijana mnadumu, usianze kutetea kizazi chako. Taja ulifanya kazi wapi, muda gani, na nani anaweza kupigiwa simu akathibitisha. Wengi mwaloni wamefanya kazi miaka bila karatasi yoyote, basi omba namba ya mwenye chombo kabla hujaondoka kwake, na uondoke kwa heri.