Re: Nani anaikumbuka Safari Rally ya zamani?

Umeuliza kama kuna aliyewahi kuitazama Safari Rally ya zamani, yale mashindano ya magari ya hapa Kenya, kwa macho yake. Mimi hapa, ndugu yangu! Pasaka ya 1982 baba alituamsha alfajiri tukajipange kando ya barabara ya vumbi. Kwanza unaona wingu jekundu kwa mbali, ndipo mngurumo unakufikia. Gari aina ya Violet la dereva Shekhar Mehta likapita, changarawe zikatupiga miguuni. Mwaka huo alishinda kwa mara ya nne mfululizo, ya tano ukihesabu ile ya 1973. Hii iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 naipenda sana, lakini zamani walikimbia maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara zetu hizi hizi zenye mabasi na ng'ombe.