Kwa mnaoanza kidato cha kwanza Kigoma: ulizeni neno limetoka wapi

Wadogo zangu mnaotoka shule za msingi za Kiswahili, iwe Ujiji, Kasulu au Kakonko, najua Januari inavyokuwa. Juzi mlisoma sayansi kwa Kiswahili, leo ubao umejaa maneno ambayo hata pa kuanzia kuyasoma hapaonekani. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla ya kukariri neno, ulizeni limetoka wapi.

Kiingereza kimekopa mno. Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliohamia Uingereza, waliacha maneno ya nyumbani kabisa, kama "egg", "knife" na "window". Kisha mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy iliyoko Ufaransa, akaiteka nchi, na kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa. Ndiyo maana ng'ombe akiwa zizini ni "cow", jina la waliomchunga, lakini nyama yake mezani ni "beef", jina la walioila. Mahakamani nako "judge" na "court" ni Kifaransa.

Historia hiyo ina faida kwenye mtihani. Chukueni "ch", inayowatesa wengi. Kwenye maneno yenye asili ya Kigiriki husomwa k: "school", "stomach", "character". Kwenye ya Kifaransa yaliyochelewa kuingia husomwa sh: "machine", "parachute". Ya Kifaransa yaliyoingia enzi za Wanormandi na vizazi vilivyofuata yana ch ya chai: "chair", "chamber". Tena "chief" na "chef" ni neno lilelile la Kifaransa lililokopwa mara mbili, na matamshi yenyewe yanakuambia lipi lilitangulia. Tengeni kurasa tatu kwenye daftari, kila "ch" mpya iende kwa ndugu zake.

Na wingi pia. Kwenye Biology mtakutana na "bacterium" na "bacteria", "fungus" na "fungi", "nucleus" na "nuclei". Hayo ni Kilatini. Sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, mtoto na watoto. Walatini walibadilisha mwisho. Mtu aliyekulia Kiha na Kiswahili asiogope kitu kama hicho.

Hisabati ndiyo nyepesi kuliko mnavyodhani, kwa upande wa maneno angalau. "Algebra" ni al-jabr ya Kiarabu, kutoka jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. "Zero" na sifuri yetu ni mtoto wa neno moja la Kiarabu, sifr. Vivyo hivyo "sugar" na sukari, "coffee" na kahawa. Kumbe mmeingia darasani na maneno kadhaa mfukoni.

Kuna na tuliyowakopesha wao. "Safari" ni letu, na Richard Burton, mpelelezi Mwingereza aliyepita Tabora akafika Ujiji mwaka 1858, ni mmoja wa walioliandika mapema kwenye Kiingereza. Hata sokwe wa Gombe, ambao mtafiti Mwingereza Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, jina lao la Kiingereza, "chimpanzee", ni la Kibantu kutoka upande wa Kongo na Angola.

Kamusi kubwa huandika asili ya neno karibu na maana yake. Za mfukoni mara nyingi haziandiki. Kama shule inayo moja tu, mwombeni mwalimu zamu ya kuitumia.

Huku kwetu mna msaada mwingine ambao mwanafunzi wa Dodoma hana: majirani wanaovuka kutoka Kalemie, Uvira na Bujumbura na Kifaransa chao. Waulizeni, ila kwa tahadhari. "Librairie" yao ni duka la vitabu, wakati "library" ya Kiingereza ni maktaba. "Actuellement" ni kwa sasa, ilhali "actually" ni kwa kweli. Maneno yanayofanana sura namna hii yaandikeni ukurasa wake, kwa kalamu nyekundu.