Mpira Ukipotea, Wachezaji Wangu Husimama

SWALI: Mhariri, ninafundisha vijana wa chini ya miaka 15. Tunaponyang'anywa mpira, wao husimama wakilaumiana huku wapinzani wakienda kufunga. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu kocha, wachezeshe wanne kwa wanne, bila makipa, katika eneo la mita 30 kwa 20 lenye magoli madogo, kwa vipindi vya dakika tatu vyenye mapumziko, kwa kuwa katika nafasi finyu mpira hubadili miguu mara nyingi na kila mchezaji hulazimika kuamua upesi. Timu ikinyang'anya mpira na kufunga ndani ya sekunde sita, bao lihesabiwe mawili. Aliye karibu amkabili mwenye mpira papo hapo, wawili wazibe njia za pasi, na wa nne abaki nyuma. Hivyo ndivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi, klabu ya Barcelona chini ya kocha Pep Guardiola (2008–2012) ilivyouwinda mpira mara ilipoupoteza.

Jambo ambalo makocha wengi hulipuuza ni mipira ya akiba: iweke pembeni, na mmoja ukitoka urushe mwingine mara moja, upande wowote, maana kungojea mpira uokotwe ndiko hasa kunakowazoesha vijana kusimama. Maelezo yako yasubiri mapumziko.