Gari la poda linatoa gesi tupu: shida iko wapi

Ndugu, umesema gari lenu la zimamoto la poda hapo bohari ya mafuta Mwanza lilipojaribiwa lilitema poda kidogo, kisha ikatoka tupu nitrojeni, ile gesi inayosukuma poda, ilhali tangi bado zito. Poda imeganda. Gesi imejitoboa njia katikati ya bonge na kupita humo.

Msifungue kifuniko kabla hamjatoa presha yote na geji kusoma sifuri. Kisha chukua bonge moja, lidondoshe kwenye sakafu ngumu kutoka urefu wa sentimita 10. Lisipovunjika, poda hiyo haifai tena, msiichekeche mkairudisha. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo jazeni poda siku kavu na mkague mpira wa kifuniko. Tafadhali msijaze presha kwa upepo wa kompresa, nao hubeba maji. Na msichanganye poda ya magadi na ile ya fosfeti: hugusana, hutoa gesi na kuganda.

Kosa jingine ni kuwahi kufungua bomba. Nitrojeni huingia kutoka chini ili iinue poda, hivyo subirini geji ya tangi ifike presha ya kazi. Mkimaliza, fungeni valvu ya poda, pitisheni nitrojeni kwenye mipira ya kupulizia hadi itoke safi. Mabaki ndiyo huziba.

Poda huua mwali upesi lakini haipoozi chuma. Petroli ikigusa bati la moto huwaka upya, kwa hiyo gari la povu liwe tayari pembeni.